Baiskeli ya Likeleli Iko Safi

Ha Ramosoeu,
Tarehe 11 Januari

Kwako mdogo wangu mpenzi, Mama Likeleli,

Amani iwe nawe huko Ceres. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wenzako wa ghala la matofaa, na kwamba ule mgongo uliokusumbua mwaka jana umepata nafuu. Ukiuliza hali yangu, mwili hauna neno. Nakula, natembea hadi kanisani na kurudi bila kupumzika njiani. Huku mvua imenyesha vizuri. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamenifika kifuani, na yule ng'ombe mwekundu uliyemwacha na mimba amezaa ndama jike. Majirani wote wanakusalimu.

Naomba radhi kwa kimya changu. Tangu ulipoondoka mwezi wa Oktoba sijakuandikia hata mstari mmoja, nami ndiye niliyekufundisha kuandika barua, na niliyekuchapa siku ulipochelewa kumjibu mama. Umepiga simu mara nyingi, na kila mara nimesema mtoto anaendelea vyema, kisha nikampa simu upesi. Sikuwa mgonjwa wala sikubanwa na shughuli. Barua hii nimeianza mara sita na mara sita nimeichana. Siwezi kulisema jambo hili kwa simu, kwa sababu kwenye simu utanikatiza, nami nikikatizwa najua sitaendelea tena.

Nianze na mtoto, maana najua macho yako yanamtafuta yeye kwanza katika karatasi hii. Plasta iliondolewa wiki moja kabla ya Krismasi. Mfupa wa paja umeunga. Lakini mguu wa kushoto umekuwa mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole viwili, na nyonga haikunji kama zamani. Anatembea kwa fimbo. Nilimwuliza daktari kuhusu baiskeli, naye hakunijibu mimi. Alimgeukia Likeleli akamwuliza kama amewahi kufikiria kazi ya ofisini. Mtoto akasema hapana, hajawahi, akamshukuru. Hakulia. Tulipofika nyumbani aliomba baiskeli iondolewe ukutani kwake, ikawekwe mahali ambapo hataiona. Sasa iko chumbani kwangu, miguuni pa kitanda. Kwenye simu amekuambia mengine kwa sababu mimi nilimwomba asikutie hofu katikati ya msimu wa kazi. Usimlaumu kwa hilo.

Ili uelewe nitakayosema ni lazima nirudi nyuma, nawe univumilie, kwani mengine unayajua.

Ulipoileta baiskeli ile miaka mitatu iliyopita, jasho lako la misimu miwili, mimi niliipinga. Nilisema si heshima binti kupita mbele ya watu juu ya kitu kama kile, tena kwa suruali ya kubana. Nilisema pia kwamba haitamaliza mwaka katika nchi yetu ya mawe na matope. Ukanijibu kwamba mimi niliyefundisha usafi miaka thelathini na minne sasa nimepata cha kusafisha. Ulisema kwa utani. Mimi nililichukua kama agizo.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Pulane, fundi wa chama chetu cha baiskeli. Unamjua kwa sura tu, kwa hiyo nikueleze kidogo. Ni mjane wa mchimba migodi aliyerudishwa nyumbani na mapafu yaliyooza. Mume alipokuwa kitandani, yeye alijifunza kutengeneza baiskeli yake ili aende nayo kumchukulia dawa, na tangu hapo hajaweka spana chini. Aliacha shule darasa la nne. Hufunga blanketi kiunoni juu ya ovaroli, na mdomo wake hauna lango. Siku nilipokwenda kibandani kwake, mimi mkuu wa shule mstaafu, nikamwuliza baiskeli huoshwaje, alicheka hadi akakaa juu ya ndoo.

Lakini alinifundisha vizuri, na ninakiri kwamba alikuwa mwalimu mwenye utaratibu kuliko wengi niliowasimamia. Baiskeli ya mlima haioshwi kwa mpira wa maji, kwa sababu maji ya nguvu huingia kwenye gololi na kuondoa grisi. Huoshwa kwa ndoo mbili za maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, brashi laini kwa fremu na ngumu kwa mnyororo. Matope hulowanishwa kwanza, hayakwanguliwi. Mnyororo hupanguswa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, hukaushwa, kisha kila kiungo hupewa tone moja la oili, halafu oili hiyo hupanguswa tena, maana inayobaki nje kazi yake ni kukusanya vumbi tu. Spoki huguswa moja moja, kutafuta iliyolegea. Na breki. Baiskeli ile haina breki za mpira zinazobana rimu, kama zile tulizopanda sisi. Ina sahani nyembamba ya chuma katikati ya kila gurudumu, na vipande viwili vinavyoibana sahani hiyo. Alinishika mkono wangu, mbele ya watu waliokuwa wamesimama pale kibandani, akaniambia:

“Mwalimu, kwingine kote paka oili upendavyo. Hapa hata kidole chako usiweke. Kidole cha mtu kina mafuta.”

Akanipa kitambaa cheupe na chupa ndogo ya spiriti, vya sahani hizo peke yake.

Kwa miaka miwili na nusu nilitii. Dada yangu, zile zilikuwa Jumamosi njema. Likeleli alirudi kutoka mlimani na matope hadi kwenye nyusi, nami nilikuwa nimekwisha vaa aproni ya marehemu mke wangu na kupasha maji. Yeye aliinua gurudumu la nyuma na kuzungusha pedeli. Mimi nilishika mnyororo kwa kitambaa. Alinisimulia ni jiwe gani lililomrusha na ni kijito gani kimefurika. Aliniambia, Mjomba, ukiisugua zaidi utabakiwa na waya mkononi. Mama Pulane akipita njiani alisimama kwenye uzio na kusema kwamba ninaiosha baiskeli kama maiti, niiache ipumue. Mimi sikujaliwa mtoto. Nilimfundisha Likeleli kusoma, nilimpeleka kwenye kipaimara, nilimkemea kwa kila kosa la lugha, lakini ni kwenye ndoo zile mbili ndipo aliponizoea.

Sasa nifike Septemba. Ulijua uzito wa mbio zile za baiskeli: wasichana wawili wa kwanza walikuwa waingie kambi ya timu ya taifa, na kutoka kambini waende kushindana ng'ambo. Siku moja kabla yake tulichinja kondoo kama ulivyoagiza, tukaomba, tukala. Mama Pulane alikuwapo. Ndiye aliyeosha na kupika utumbo, akamtania kila aliyeingia jikoni. Adhuhuri aliipitia baiskeli bolti kwa bolti, kisha akaipanda mwenyewe kuzunguka uwanja wa kanisa, gauni limepanda magotini, akafunga breki mbele ya mlango wa padri kwa ghafla hivi kwamba gurudumu la nyuma lilinyanyuka. Watu wakapiga makofi. Padri akasema huyo ndiye apelekwe ng'ambo. Nakuandikia hili ujue kwamba saa saba mchana wa siku ile breki za Likeleli zilikuwa nzima, na kijiji kizima kiliona.

Ajali yenyewe unaijua. Katika mteremko wa Lekhalong, kwenye kona ya tatu, alivuta mikono yote miwili ya breki hadi ikagusa hendeli, na baiskeli haikupunguza mwendo. Ukuta wa zizi la wachungaji ndio uliomzuia.

Ulipokuja hospitalini Maseru, Mama Pulane alikuwa amefika kabla yako, amebeba uji mchachu katika ndoo yenye kifuniko, kwa sababu Likeleli alikuwa amekataa chakula cha hospitali. Unakumbuka ulichokifanya. Ulimwuliza siku ile mikono yake ilikuwa wapi, ukaichukua ndoo, ukamwaga uji wote kwenye sinki mbele ya wagonjwa, ukamrudishia ikiwa tupu. Aliifunga ndoo kwa kifuniko chake kama vile bado ilikuwa na kitu, akaondoka. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, nikiwa na mfuko wa machungwa. Nilitazama nje.

Baada ya wewe kurudi kazini, kamati ya chama iliitisha kikao chini ya mwenyekiti, Bwana Letlatsa mwenye duka. Baiskeli ililetwa mbele. Mama Pulane aliomba ruhusa, akatoa vipande vya breki, akavisogeza puani, kisha akavipitisha kwa watu wote wavinuse. Alisema kwamba vimelowa mafuta, na kwamba mafuta yale si ya gereji.

“Hili ni kondoo,” alisema. “Nimekaanga kondoo tangu nikiwa msichana. Pua yangu haiwezi kunidanganya.”

Ukumbi ulicheka. Mmoja wa nyuma alimwuliza kama aliifunga breki huku akila mbavu. Mwingine akasema kondoo mwenyewe aitwe atoe ushahidi. Mwenyekiti akagonga meza, lakini naye alikuwa anacheka. Vipande vile vilinifikia mimi mwisho. Nilivisogeza puani, nikasema nina mafua, sipati harufu yoyote.

Kisha wakaniomba niandike matokeo ya uchunguzi, kwa kuwa nina mwandiko mzuri na watu wananiamini. Niliandika ukurasa mmoja bila kufuta neno. Niliandika kwamba chanzo cha ajali ni uzembe wa fundi, ambaye siku ya sherehe alishika chakula na vyombo vya kazi kwa mikono ileile. Nikaisoma mbele ya wote. Mama Pulane alisikiliza hadi mwisho, akaniomba nirudie ile sentensi ya mikono. Nikairudia.

“Imeandikwa vizuri,” alisema.

Akatoa ufunguo wa kibanda mfukoni, akauweka juu ya karatasi yangu.

Watu waliacha kumpelekea baiskeli. Likeleli aliporudishwa nyumbani na plasta yake, aliniambia kwamba yule mwanamke alimpenda kwa maneno tu. Mimi nilimwambia alale, asijisumbue. Nilikuwa nikikutana na Mama Pulane kisimani na mlangoni pa kanisa. Alinisalimu kila mara kwa heshima ileile, Mwalimu, umeamkaje, kisha akasimama kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kupita mlangoni. Alifanya hivyo tangu Oktoba hadi karibu mwisho wa Novemba. Mimi nilijibu salamu nikapita.

Mwishoni mwa Novemba alikuja hapa nyumbani mchana na mfuko wake wa spana. Alisema anahama, anakwenda kwa kaka yake Quthing, na hataki kuacha kazi nusu. Nikamtolea baiskeli. Ilikuwa kama ilivyotoka mlimani, nami sikuwa nimeigusa. Alinyoosha rimu ya mbele, akabadilisha spoki nane, akaweka vipande vipya vya breki alivyokuja navyo. Kisha akaomba ndoo zangu mbili, akaiosha, taratibu, kwa mpangilio uleule alionifundisha. Likeleli aliisikia sauti yake, akapaza sauti kutoka chumbani kwamba huyo mwanamke aambiwe aondoke. Mama Pulane aliendelea kusugua. Mwishoni aliniomba kitambaa cheupe cha kufutia sahani. Nilimletea. Alikikunjua, akakinusa, akakikunja tena na kukitia mfukoni mwake, kisha akatumia pindo safi la gauni lake.

Alipomaliza aliniegemezea baiskeli mkononi.

“Mimi sitasema, Mwalimu,” alisema. “Fundi mwingine mtoto atampata. Mjomba anaye mmoja tu.”

Hivyo ndivyo alivyoondoka. Nasikia anauza mandazi kando ya barabara huko Quthing.

Mama Likeleli, bila shaka umekwisha elewa. Lakini nilikufundisha kwamba kosa halijakiriwa mpaka litajwe kwa jina lake, kwa hiyo nitalitaja.

Wewe ulikuwa mdogo mno kumkumbuka Phokojoe, farasi wa mbio wa baba. Kila mkesha wa mbio, baada ya kondoo kuchinjwa, farasi alisuguliwa hadi akang'aa, kisha mjomba wa yule kijana mpanda farasi alichukua mafuta ya mkia wa kondoo na kuyapaka kwa kidole gumba kwenye kwato, kwenye lijamu na kwenye vikuku vya kukanyagia. Alipaka kila chuma kitakachombeba mtoto wa dada yake, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kupaka. Baba alisema mpanda farasi asiyepakiwa na mjomba wake anakwenda kama asiye na watu. Phokojoe hakuwahi kumwangusha mtu.

Unajua nilivyosimama kanisani miaka yote hii nikazikemea desturi hizo. Niliwahi kumfukuza shule mtoto aliyekuja na hirizi. Lakini jioni ile, wageni walipokuwa bado wanakula, nilikwenda peke yangu nyuma ya nyumba ambako baiskeli iliegemezwa, nikiwa na kipande cha mkia wa kondoo ndani ya karatasi. Nilikuwa na hofu ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa ajili ya mtu yeyote. Nikapaka pedeli. Nikapaka vitovu vya magurudumu. Nikaziona sahani zile mbili, chuma kikavu kilichokwaruzwa, nikajiambia kwamba Mama Pulane alikataza oili na kwamba haya si oili, haya ni ya kwetu. Niliweka kidole gumba kimoja mbele na kimoja nyuma. Mara moja tu. Kisha nikaogopa, nikachukua kitambaa cheupe nikafuta. Lakini kitambaa nilikishika kwa mkono uliojaa mafuta, na nilifuta sahani nzima, pande zote mbili. Ziling'aa. Niliondoka nikiwa nimeridhika.

Hilo ni la kwanza. La pili ndilo linalonifanya nishindwe kumtazama mtoto usoni.

Asubuhi ya mbio kulikuwa na jalidi. Mama Pulane alikuwa amekwenda kusubiri chini kwenye kijito na vifaa vyake. Likeleli alizunguka mara mbili mahali pa kuanzia, akanijia, akaniambia breki zinalia na hazishiki kama jana. Aliniuliza, “Mjomba, niende hivi?” Niliinama. Niliona kwenye sahani rangi za upinde wa mvua, na nikajua papo hapo. Kitambaa kipya kilikuwa mkobani, chupa ya spiriti ilikuwa mfukoni mwangu. Kazi ya dakika tano, na dakika tano zilikuwapo. Lakini padri alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwetu, na mwenyekiti alikuwa kando yake, na Likeleli angeniuliza yametoka wapi mafuta haya. Nilimwambia ni baridi ya asubuhi, na kwamba zikipata joto zitanyamaza.

Akaniamini. Hakuniuliza mara ya pili. Mimi ndiye niliyemlea awe mtu asiyeuliza mara ya pili.

Nimewachapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huo. Nimejaribu kusali na sipati maneno. Maneno ninayoyajua yote nimekwisha yatumia vibaya. Sikuombi unisamehe katika barua. Kama ungeniomba wewe jambo kama hilo kwa barua, nisingejua cha kukujibu, na sitaki kukuweka mahali hapo.

Nikuambie nitakachokifanya. Kamati inakutana Jumamosi ijayo. Nimemwomba Bwana Letlatsa anipe nafasi ya kwanza, bila kumwambia sababu, naye amefurahi, anadhani nataka kupendekeza zawadi kwa Likeleli. Nimeandika ukurasa mwingine. Haukutoka vizuri kama ule wa kwanza. Una mistari iliyofutwa. Nimetuma ujumbe Quthing kumwomba Mama Pulane awepo. Hajajibu, nami sioni kwa nini ajibu. Lakini hata asipokuja nitausoma, na padri awepo au asiwepo.

Na kabla ya kamati lazima mtoto asikie. Nikimaliza kuifunga barua hii nitaingia chumbani kwake nimwambie kama nilivyokuandikia wewe, la kwanza na la pili. Nilitaka kwanza kuyaandika ili nisipate mwanya wa kuyalegeza mbele yake. Hivi sasa namsikia akifanya mazoezi ya kutembea, kutoka dirishani hadi mlangoni. Hatua moja nzito, moja nyepesi, kisha fimbo. Sijui atasema nini. Akitaka kuja kwako nitampandisha gari mwenyewe na kumletea vitu vyake. Akitaka kubaki na nisizungumze naye, nitabaki kimya. Akitaka niitoke nyumba hii, chumba cha sakristia kina kitanda.

Wewe pia una la kuamua, na haki yako ni kubwa kuliko ya kamati. Ninakuomba jambo moja tu, nalo si kwa ajili yangu. Mwandikie Mama Pulane kuhusu ule uji. Anwani yake nimeiweka kwenye karatasi ndogo ndani ya bahasha hii.

Baiskeli iko safi. Tangu Mama Pulane aondoke nimeendelea kuiosha kila Jumamosi, ingawa haijatoka nje na haina tope lolote. Natumia ndoo mbili. Sahani za breki nazifuta kwa spiriti, na mikono naiosha kwanza hadi kwenye viwiko. Ukishika breki sasa, gurudumu linasimama papo hapo, wala halitoi sauti.

Nisalimie wote wa ghalani, na mwambie yule mama wa Mokhotlong mnayelala naye chumba kimoja kwamba barua yake nilimfikishia mwanawe. Ule mgongo usiubebeshe masanduku mazito. Ndama nimemwacha bila jina, maana Likeleli alisema jina utampa wewe.

Likeleli akishaamua kama nitaendelea kuwa mjomba wake, nitakuandikia siku hiyohiyo, na jibu lake nitalinakili neno kwa neno, liwe lolote.

Ni mimi kaka yako,

Tšeliso Motanyane